Mwongozo Kamili: Mkate Laini wa Nyumbani, Filamu Moja na Kitabu Kimoja

Mkate mzito. Hilo ndilo lalamiko linalonifikia kuliko yote. Unga ulipimwa, hamira ilikuwa mpya, mtu alikanda mpaka mabega yakauma, na bado kilichotoka kwenye oveni kimebanana, kina unyevunyevu chini, na kikikatwa kinang'ang'ania kisu. Nikiuliza donge lilikaa muda gani kabla ya kuokwa, majibu ni mawili tu: halikukaa vya kutosha, au lilisahaulika likapitiliza.

Nina maoni yangu kuhusu chanzo cha jambo hili. Wengi tumejifunza kuoka kwa macho, na macho yetu yamefundishwa na filamu. Mtu anakanda, unga unapeperuka kwenye mwanga wa dirishani, picha inakatwa, na mkate uko mezani unatoa mvuke. Riwaya nazo hufanya hivyohivyo kwa namna yake: mhusika anaoka mkate katika sentensi moja, na sentensi inayofuata watu wameshakaa kula. Hakuna anayetuonyesha saa zilizopita hapo katikati, kwa kuwa ndani ya saa hizo hakuna anayefanya lolote la kutazamika. Lakini mkate hutengenezwa humohumo. Mikono huchangia nusu saa hivi. Iliyobaki ni kazi ya hamira, maji na joto.

Kwa hiyo hapa muda wa kusubiri nimeupanga kama sehemu ya kazi yenyewe, na kila kusubiri kuna kitu chake cha kusoma au kutazama. Sikuvigawa kiholela. Kuna hatua ambayo ukichelewa dakika 20 donge linakusamehe, na kuna nyingine ambayo dakika 10 zinatosha kuharibu kila kitu. Filamu huwekwa kwenye ile inayosamehe. Kitabu huwekwa kwenye ile isiyosamehe, kwa sababu kitabu unaweza kukifunga popote bila kukidhulumu.

Kazi nzima, pamoja na kuupoza mkate, huchukua saa 5 hivi. Chagua siku ambayo huna pa kukimbilia.

Vitu vya kuandaa

Kwa mkate mmoja:

- unga mweupe wa ngano, gramu 500
- maji, gramu 320 (ni sawa na mililita 320)
- hamira kavu ya punje ndogo, ile inayochanganywa moja kwa moja na unga, gramu 5
- chumvi, gramu 10
- sukari, gramu 15
- mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kali, au siagi iliyoyeyushwa, gramu 25

Vyombo na vinginevyo:

- mizani ya jikoni
- bakuli kubwa la kuchanganyia
- chombo cha lita 2 hadi 3 chenye kuta zilizonyooka, na kinachokuwezesha kuona ndani
- bati la mkate linalobeba lita 2 za maji likijaa
- bati jingine pana la chuma, kwa ajili ya maji ya moto
- raba bendi
- wavu wa kupozea na kisu cha meno
- kipimajoto cha chakula, kama unacho
- filamu ya dakika 85 hadi 100, hadithi fupi moja, kitabu chenye sura fupi, daftari na kalamu

Usiruke mizani. Kikombe kilekile cha unga kinaweza kubeba gramu 120 ukimimina taratibu, au 150 ukikichota na kukishindilia. Kwenye vikombe vinne, hiyo ni tofauti ya zaidi ya gramu 100, na donge lililozidiwa unga kiasi hicho halilainiki hata ulikande mchana kutwa.

Soma maandishi ya pakiti ya unga. Protini ikiwa kati ya asilimia 11 na 13, uko salama. Unga wa keki wenye protini ndogo hutoa mkate unaomomonyoka, na unga ambao tayari umechanganywa na baking poda haufai kabisa kwa kazi hii.

Kama hamira yako ni ile ya punje kubwa, iamshe kwanza. Ichukulie sehemu ya maji yaleyale uliyopima, yapashe moto hadi nyuzi 40 hivi, tia sukari kidogo, koroga na usubiri dakika 10. Ikitoa povu zito juu, iko hai. Isipotoa povu, itupe. Hakuna ujanja wa baadaye utakaoifufua.

Hatua ya 1: Panga joto la maji

Watu wengi hufikia maji ya moto kwa kudhani hamira inayapenda. Hamira hufa joto likifika nyuzi 55 hadi 60, na hata kabla ya hapo maji ya moto sana hulifanya donge liumuke kwa pupa, likose ladha.

Tunachotaka ni donge lenye joto la nyuzi 26 baada ya kukandwa. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha 26 mara 2, upate 52, kisha toa joto la unga wako, ambalo kwa kawaida hulingana na la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 20, maji yawe nyuzi 32. Chumba kikiwa na nyuzi 30, maji yawe nyuzi 22, yaani ya baridi kidogo mkononi.

Huna kipimajoto? Katika siku ya joto tumia maji ya kawaida ya bomba. Katika siku ya baridi tumia maji ambayo ukiyagusa kwa ndani ya kifundo cha mkono huyahisi kuwa ya moto wala ya baridi.

Hatua ya 2: Changanya, kisha liache donge (hadithi fupi)

Tia unga, hamira, sukari na maji kwenye bakuli. Changanya kwa mwiko au kwa mkono mmoja hadi usione unga mkavu popote. Litakuwa donge baya, lenye mabonge na linalonata. Liache hivyohivyo. Funika, na uondoke kwa dakika 25.

Chumvi na mafuta bado. Mafuta hufunika punje za unga na kuzizuia kunywa maji vizuri, na chumvi hupunguza mwendo wa hamira na kulikaza donge mapema.

Ndani ya dakika hizo unga unakunywa maji na protini zake zinaanza zenyewe kushikana na kuwa gluteni, ule utando unaovutika ambao baadaye utaishikilia hewa. Kila dakika unayoliacha sasa inakupunguzia jasho la kukanda.

Hapa ndipo mahali pa hadithi fupi. Dakika 25 zinatosha kurasa 12 hadi 15 kwa msomaji wa mwendo wa kawaida. Nasisitiza hadithi inayoisha, si sura ya kwanza ya riwaya. Hadithi fupi imejengwa kwa kikao kimoja. Mwandishi anahesabu kwamba bado unakumbuka sentensi ya kwanza utakapofika ya mwisho, na ukiikatiza katikati ukairudia kesho, kile alichokiandaa kimeshapoa. Isome yote. Ukiimaliza kabla ya muda, rudia aya ya kwanza uone ni nini kilikuwa kimesemwa waziwazi na hukukiona.

Dalili ya mafanikio: ukivuta pembe ya donge, inarefuka kidogo kabla ya kukatika. Dakika 25 zilizopita ilikatika papo hapo.

Hatua ya 3: Kanda

Nyunyiza chumvi, mimina mafuta, na uyaminye ndani ya donge kwa vidole. Kwa dakika ya kwanza au ya pili litateleza na kuonekana kama linaachana. Endelea tu, mafuta yataingia.

Sasa lihamishie mezani. Sukuma kwa kiganja, kunja, geuza robo ya mzunguko, rudia. Dakika 8 hadi 10 zinatosha.

Onyo ninalolirudia kwa kila mtu: usiongeze unga. Donge likinata, lowesha vidole kwa maji kidogo, au acha dakika 3 kisha uendelee. Kunata kwa dakika za mwanzo ni hali ya kawaida, na kunapungua kadiri gluteni inavyokaza. Kila konzi ya unga unayonyunyiza kwa hofu inaurudisha mkate kwenye uzito uleule unaoukimbia.

Mikono imejaa unga, hivyo kitabu kikae mbali. Wapo wanaosikiliza vitabu vilivyorekodiwa wakati wa kukanda, nami siwakatazi, ila mtu anayeoka kwa mara ya kwanza ningemshauri akande kimya. Donge linabadilika chini ya kiganja, kutoka ukwaruzo hadi ulaini, na mabadiliko hayo ndiyo yatakayokufundisha kuacha kutegemea saa.

Dalili ya mafanikio: kata kipande kidogo, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Kikitanuka hadi kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, umemaliza. Kikichanika mapema, kanda dakika 2 nyingine.

Hatua ya 4: Kuumuka kwa kwanza (filamu)

Paka mafuta kidogo kwenye chombo chenye kuta zilizonyooka, tia donge, lisawazishe juu, kisha valisha raba bendi nje ya chombo, pale pale donge lilipofika. Funika.

Raba bendi ni ya lazima. Kwenye bakuli lililotanuka juu, ni vigumu kujua kwa macho donge limeongezeka kiasi gani, kwa sababu linaenea pembeni. Kwenye kuta zilizonyooka unapima kwa macho: urefu ukifika mara mbili ya alama, limeumuka mara mbili. Tunachosubiri ni hicho, wala si dakika. Katika nyuzi 26 huchukua dakika 75 hadi 90. Chumba kikipoa kwa nyuzi 8 au 10, muda hukaribia kuwa mara mbili.

Na sasa, filamu. Nimeiweka hapa kwa sababu hatua hii ndiyo yenye huruma kuliko zote. Donge likipitiliza kidogo, unalibonyeza hewa itoke, unaliacha dakika 30 tena, na hakuna atakayejua. Filamu inahitaji huruma ya namna hiyo. Filamu ina mwendo wake, haikungoji, na ukiisimamisha kila mara ili ukachungulie bakuli hutakuwa umeitazama. Mwongozaji amepima ukimya ule, ameamua uso ule ukae mbele yako sekunde kumi na si nne, na ukikatiza hapo unabaki na matukio tu.

Jinsi ya kuichagua:

Urefu kwanza. Dakika 85 hadi 100 zinalingana na donge. Filamu ya saa 2 na nusu usiiweke siku ya chumba chenye joto. Kama ndiyo unayoitaka, tumia jokofu kama nitakavyoeleza hapa chini.

Pili, fikiria macho yako. Filamu ya lugha usiyoijua, yenye tafsiri ya maandishi chini ya picha, haikuruhusu kugeuza shingo hata mara moja. Ukiichagua, kiweke chombo cha donge pembeni ya skrini, mahali ambapo jicho litaiona raba bendi bila wewe kuinuka.

Tatu, na haya ni mapenzi yangu: chagua filamu isiyo na haraka. Ninazipenda zile zinazomwacha mtu afanye kazi mbele yetu mpaka mwisho, afue nguo, atengeneze baiskeli, aandike barua, bila picha kukatwa. Filamu za namna hiyo huambiwa kwamba hazina tukio. Mimi naona ndizo zinazokiri kuwa kazi huchukua muda, na baada ya kuitazama moja huku donge likipanda pembeni, mtu anaacha kuona kusubiri kama adhabu. Filamu za mapishi nazitazama siku nyingine. Zinaleta njaa, halafu zinakuonyesha mikato ileile iliyotufikisha kwenye mikate mizito.

Weka kengele ya simu dakika 70 baada ya kufunika. Ikilia, tupa jicho kwenye raba bendi. Kama bado, endelea na filamu.

*Njia ya jokofu.* Ukitaka kuoka kesho, punguza hamira hadi gramu 2.5, acha donge kwenye joto la chumba kwa dakika 30, kisha liingize kwenye jokofu lenye nyuzi 4 kwa saa 8 hadi 12. Litaumuka polepole na ladha yake itakuwa nzito zaidi, ile ya mkate uliokomaa. Ukilitoa, liache nje kwa saa 1 kabla ya kulikunja.

Dalili ya mafanikio: donge limefika mara mbili ya alama, juu yake limevimba kwa mviringo, na pembeni kupitia ukuta wa chombo unaona mapovu madogo madogo. Likianza kuporomoka katikati na kunuka kama pombe, limepitiliza. Libonyeze, liache dakika 30 na uendelee.

Hatua ya 5: Likunje na uliweke kwenye bati

Paka bati mafuta, hasa kwenye pembe. Mwaga donge mezani, libonyeze kwa vidole lilale kama mstatili ambao upana wake ni sawa na urefu wa bati. Vunja mapovu makubwa pembeni. Yakibaki, utayakuta kama mashimo chini ya ganda.

Sasa lizungushe kuanzia upande wa juu, mzunguko mmoja mmoja, ukikaza kwa kidole gumba kila unapozungusha. Mwishoni bana mshono vizuri, na uuweke uelekee chini kwenye bati.

Kukaza huku watu huona ni urembo. Sivyo. Ngozi ya nje iliyovutika ndiyo inayolazimisha donge kupanda juu. Donge lililotupwa tu kwenye bati hupanda vilevile, lakini hulala upande mmoja na kupasuka popote linapotaka.

Likikaa, donge lijaze chini kidogo ya nusu ya bati. Kama bati lako ni kubwa mno mkate utatoka mfupi na bapa hata kama hukukosea kitu, na wengi hudhani hamira ndiyo iliyowasaliti. Lijaze bati lako maji leo hii, yapime, ujue.

Hatua ya 6: Kuumuka kwa pili (kitabu)

Funika bati kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, au kwa nailoni iliyopakwa mafuta kidogo. Dakika 40 hadi 60.

Mikate mingi hufia hapa. Hakuna kubonyeza tena wala kurudia. Likiingia ovenini mapema, sehemu ya juu hukauka kabla donge halijamaliza kutanuka, na hewa iliyobanwa hupasua pembeni. Likichelewa, gluteni imeshavutika hadi mwisho wake. Linaingia limevimba, linatoka limebonyea katikati.

Ndiyo maana filamu hairuhusiwi hatua hii. Nimesoma barua nyingi za watu waliosema walibakiza dakika 15 tu za mwisho. Dakika 15 za mwisho za filamu nzuri hazina mwenye uwezo wa kuzikatiza, na sipendekezi mtu ajaribu. Kitabu kinafungwa. Unaweka kidole, unainuka, unabonyeza donge, unarudi kwenye sentensi ileile na bado inakusubiri. Kwa dakika hizi 50 sifa hiyo ni kubwa kuliko nyingine yoyote.

Chagua riwaya yenye sura fupi, za kurasa 6 hadi 10, au kitabu cha mashairi. Mashairi yanafaa mno. Soma shairi moja, inuka, kaangalie bati, rudi ulisome tena. Mara ya pili huwa unaliona tofauti, na kile kitendo cha kuinuka kinaonekana kama kimelipa nafasi. Riwaya ya upelelezi iliyofika mahali muuaji anakaribia kujulikana, iache kwa siku nyingine.

Baada ya dakika 25, washa oveni nyuzi 210, na uweke lile bati pana la chuma kwenye rafu ya chini kabisa. Oveni nyingi huhitaji dakika 20 hadi 30 kupata joto la kweli, hata kama taa yake imezimika mapema.

Kisha anza kipimo cha kidole, kila mwisho wa sura. Chovya kidole kwenye unga, bonyeza donge kwa kina cha sentimita 1:

- Shimo likirudi mara moja na kupotea, bado.
- Likirudi polepole na kuacha alama ndogo, ni sasa hivi.
- Lisiporudi kabisa, umechelewa. Oka bila kungoja oveni ipate joto zaidi, na usilikate juu.

Dalili ya mafanikio: kilele cha donge kimepita ukingo wa bati kwa sentimita 2 hivi, na kipimo cha kidole kinakubali. Vyote viwili.

Hatua ya 7: Oka

Ukipenda, chana juu kwa kisu kikali, mstari mmoja wa kina cha nusu sentimita kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkate utapasukia hapo na si pengine.

Ingiza bati. Papo hapo mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwenye bati la chuma la chini, na ufunge mlango. Mvuke huo huiweka ngozi ya donge ikiwa laini kwa dakika za mwanzo, wakati hewa ya ndani inapotanuka kwa kasi na kuuinua mkate kwa mara ya mwisho.

Tahadhari: vaa glavu ya oveni, geuza uso pembeni, na usimwage maji kwenye chombo cha kioo. Kioo cha moto kikikutana na maji hupasuka. Maji yasidondoke pia kwenye kioo cha mlango.

Shusha joto hadi nyuzi 200. Muda ni dakika 33 hadi 38. Kama oveni yako ina feni, tumia nyuzi 20 pungufu. Usifungue mlango kabla ya dakika 20 kupita, kwani joto likitoroka mapema ule mwinuko hukoma. Rangi ikikolea haraka, funika juu kwa karatasi ya foili kuanzia dakika ya 25.

Sina pendekezo la kusoma hapa. Kaa karibu na oveni.

Dalili ya mafanikio: rangi ni ya hudhurungi iliyokolea hata pembeni, si juu tu. Utoe kwenye bati, ugonge chini kwa kidole, usikie sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Kipimajoto kikichomekwa katikati kisome nyuzi 93 hadi 96. Ukingo ukiwa mweupe na laini, urudishe kwenye rafu bila bati kwa dakika 5.

Hatua ya 8: Upoze (daftari)

Utoe kwenye bati ndani ya dakika 5, uuweke juu ya wavu. Ukibaki kwenye bati, mvuke unageuka maji na kulowesha ganda la chini. Ule unyevu wa chini wengi wanaoulaumu kwa kutoiva hutokana na hili.

Kisha saa 1 na nusu. Najua harufu ilivyo. Lakini ndani, wanga bado haujakaza na mvuke bado unasafiri kutoka katikati kwenda nje. Mkate wa moto ukikatwa unabanwa na kisu, unageuka kitu kinachonata, na unakufanya uamini haukuiva ilhali umeiva vizuri.

Muda huu uwe wa daftari. Gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika habari za mkate: joto la chumba, joto la maji, muda wa kila kuumuka, kipimo cha kidole kilisema nini. Upande wa pili andika ulichokisoma na kukitazama.

Kuhusu upande huo wa pili nina msimamo. Andika kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine yeyote, na kabla hujatafuta maelezo ya mwisho wa filamu. Maoni ya wengine ni mazuri, yana nguvu pia, na yakiingia kwanza hutajua tena lipi lilikuwa lako. Usianze na kama filamu ilikuwa nzuri au mbaya. Anza na picha moja inayokataa kutoka kichwani, uieleze kama ilivyokuwa: nani alikuwa wapi, mwanga ulitoka upande gani, nini hakikusemwa. Kwa kitabu, nakili sentensi moja kwa mkono. Mkono unaponakili hugundua mambo ambayo jicho liliyapita, kwamba mwandishi alichagua kitenzi kikavu mahali ambapo ungetarajia machozi, au kwamba sentensi ndefu ilikatika ghafla pale mhusika alipofungua mlango. Mistari 8 hadi 10 inatosha. Ukishaieleza picha vizuri, maoni huja yenyewe, na huwa na kitu cha kusimamia.

Mkate uko tayari kukatwa ukiushika chini na usihisi joto lolote.

Mkate ukikataa

Ukibanana chini na kulegea juu, kuumuka kwa pili kulikatizwa. Ongeza dakika 10 hadi 15 safari ijayo, bila kugusa kitu kingine.

Ukibonyea katikati, ulipitiliza. Punguza muda huo, au tumia maji ya baridi zaidi hatua ya 1. Chumba kikiwa na joto kali, punguza hamira hadi gramu 4.

Ukipasuka pembeni, donge liliingia mapema au mvuke ulikosekana. Ukinuka hamira, hamira ilizidi au joto lilikuwa kubwa mno. Ukiwa mgumu kote, rudi kwenye mizani, maana unga uliongezwa mahali fulani, na mara nyingi ni mezani wakati wa kukanda.

Badilisha kitu kimoja tu kwa kila mkate. Ukibadilisha maji, muda na joto kwa pamoja, mkate unaofuata unaweza kutoka vizuri na usijue ni kipi kilichousaidia.

Kuuhifadhi

Uweke kwenye mfuko wa kitambaa au kasha la mkate, kwenye joto la chumba, siku 2 hadi 3. Usiuweke kwenye jokofu. Katika baridi ile ya nyuzi chache juu ya sifuri, wanga hukaza haraka kuliko ungekaza mezani, na mkate unachakaa mapema. Kama hutaumaliza, ukate vipande ukishapoa kabisa, vifunge visipate hewa, uviweke kwenye friza. Kipande kilichoganda huingia kwenye kibaniko moja kwa moja, bila kuyeyushwa kwanza.